Mikumi au Udzungwa? Uteuzi wa Hifadhi kwa Ajili ya Ziara ya Mafunzo

Utangulizi

Ziara ya mafunzo ni mojawapo ya njia za kufundishia zinazosifiwa sana vyuoni, lakini hutumika kwa nadra shuleni. Sababu yake si uvivu wa walimu. Ziara huhitaji fedha, ruhusa ya wazazi, chombo cha usafiri na siku nzima inayotolewa katika ratiba. Kwa hiyo shule inayobahatika kufanya ziara ya mbali huenda ikaifanya mara moja tu kwa mwaka, na kwa mtoto wa mzazi mwenye kipato kidogo huenda ikawa ndiyo safari ya pekee ya namna hiyo katika miaka yake yote ya shule ya msingi. Hapana budi basi uteuzi wa mahali pa kwenda ufanywe kwa fikra. Si jambo la kuamuliwa kwa dakika tano katika chumba cha walimu, kwa hoja kwamba shule jirani ilikwenda huko mwaka jana.

Makala haya yanamweleza mwanachuo namna ya kufanya uteuzi huo. Mfano utakaotumika ni wa hifadhi mbili za taifa ambazo hufikiwa kwa njia ya Morogoro: Hifadhi ya Mikumi na Hifadhi ya Milima ya Udzungwa. Hifadhi hizi ni jirani, lakini zinafundisha mambo tofauti kabisa. Mwalimu atakayejifunza kuchagua kati ya hizi mbili ataweza kutumia utaratibu huu huu mahali popote atakapopangiwa kazi.

1. Swali hutangulia mahali

Katika mikutano ya maandalizi, swali la kwanza huwa ni "Twende wapi?" Swali hilo linapaswa kuwa la pili. La kwanza ni "Twende kutafuta nini?" Mahali hakuna thamani ya kimafunzo mpaka pawe na jambo ambalo wanafunzi wanataka kulijua, na ambalo haliwezi kujulikana vizuri wakiwa wamekaa madawatini.

Tazama lengo hili, ambalo huonekana mara kwa mara katika maandalio ya masomo ya wanachuo: "Wanafunzi watembelee hifadhi na kuona wanyama mbalimbali." Hili si lengo la somo, bali ni maelezo ya safari. Halimwambii mwalimu achague hifadhi ipi, wala halimwezeshi kupima kama wanafunzi wamejifunza chochote. Lilinganishe na hili: "Baada ya ziara, mwanafunzi aweze kuchora mnyororo wa chakula wenye viumbe wasiopungua wanne aliowaona au aliokuta dalili zao, na kueleza litakalotokea iwapo kiumbe mmoja ataondolewa." Au hili: "Mwanafunzi aweze kueleza, kwa mambo aliyoyaona, jinsi msitu wa mlimani unavyohusiana na maji ya mto ulioko bondeni." Malengo haya mawili yameandikwa kwa namna ambayo karibu yanataja hifadhi yenyewe. La kwanza linaelekea mbugani. La pili linaelekea mlimani.

2. Hifadhi ya Mikumi na mafunzo yake

Mikumi ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1964. Eneo lake ni kilomita za mraba 3,230, na kwa upande wa kusini imepakana na Hifadhi ya Nyerere, ambayo iliundwa mwaka 2019 kutokana na sehemu ya lililokuwa Pori la Akiba la Selous. Jina lake limetokana na miti ya jamii ya minazi iliyokuwa ikionekana katika sehemu hizo. Moyo wa hifadhi ni uwanda wa Mkata, eneo tambarare la nyasi lililozungukwa na milima, ikiwemo Uluguru na Rubeho.

Kwa kuwa uwanda uko wazi, macho hufika mbali. Pundamilia, nyumbu, swala pala, nyati, twiga na tembo huweza kuonekana wakila katika eneo moja, na viboko hukaa katika bwawa lililo karibu na lango kuu. Simba na chui wapo pia. Lakini mwalimu asiwaahidi wanafunzi kwamba watamwona simba, kwa kuwa mnyama wa porini hafuati ratiba ya shule. Darasa lililoahidiwa simba likamkosa hurudi nyumbani likisema ziara ilikuwa ya bure, hata kama limeona mambo mia moja ya kujifunza. Afadhali mwalimu aahidi dalili: nyayo, kinyesi, mifupa, nyasi zilizolishwa fupi, magome ya miti yaliyobanduliwa na tembo. Dalili hazikosekani, na kuzisoma ni sayansi yenyewe.

Somo linalofundishika vizuri zaidi Mikumi ni uhusiano kati ya nyasi, wanyama walao majani na wanyama walao nyama. Somo la pili ni la majira. Wakati wa kiangazi, hasa kuanzia Juni hadi Oktoba, maji hupungua na wanyama hukusanyika karibu na yale yaliyobaki. Wakati wa masika udongo mweusi wa uwandani hugeuka tope zito, na basi la shule huweza kunasa humo kutwa. Basi hali ya hewa ni sehemu ya somo, na papo hapo ni sehemu ya maandalizi.

Lipo somo la tatu ambalo walimu wengi hulipita bila kuliona, ingawa wamo ndani yake. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hupita katikati ya hifadhi kwa mwendo wa kiasi cha kilomita 50, na wanyama hugongwa na magari humo. Mwalimu wa hesabu ana kazi nzuri hapa. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa litavuka kipande hicho kwa saa moja. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa litatumia dakika 37 na nusu. Dereva mwenye haraka ameokoa dakika 22 na nusu. Wanafunzi waulizwe: dakika hizo zina thamani gani, na ni nani anayezilipia? Swali hili ni la hesabu, la sayansi na la uraia kwa wakati mmoja.

3. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa na mafunzo yake

Udzungwa ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1992. Ina eneo la kilomita za mraba 1,990, na makao yake makuu yako Mang'ula, katika bonde la Kilombero. Kutoka mji wa Mikumi, barabara hugeuka kusini kupitia Kidatu hadi Mang'ula, mwendo wa kiasi cha kilomita 65. Reli ya TAZARA nayo hupita hapo.

Hapa hakuna barabara za magari za kuzungukia ndani ya hifadhi. Mgeni hutembea kwa miguu akiongozwa. Hifadhi huanzia kwenye mwinuko wa kiasi cha meta 250 juu ya usawa wa bahari na kupanda hadi meta 2,576 katika kilele cha Luhombero. Anayepanda huona uoto ukibadilika kadiri anavyokwenda juu, naye huhisi baridi ikiongezeka katika ngozi yake mwenyewe. Maporomoko ya Sanje huanguka jumla ya meta 170 kwa ngazi tatu. Ili mtoto afahamu kimo hicho, aambiwe afikirie mlingoti wa bendera wenye meta 10, kisha mingine 16 ya namna hiyo ikasimamishwa juu yake.

Milima ya Udzungwa ni sehemu ya safu iitwayo Tao la Mashariki, inayoanzia katika vilima vya Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Misitu ya milima hii hupata unyevu kutoka Bahari ya Hindi, nayo imetengana kwa muda mrefu na nchi kavu zaidi iliyo bondeni, mithili ya visiwa baharini. Ndiyo maana wamo viumbe wasiopatikana penginepo duniani. Aina moja ya nyani wa msituni, ambaye wenyeji humwita ng'olaga, haikujulikana kwa wanasayansi mpaka mwaka 1979, ingawa wenyeji walikuwa wakimfahamu. Mbega mwekundu wa Udzungwa naye hupatikana katika milima hiyo na misitu iliyo jirani tu. Habari ya ng'olaga ni nzuri mno kwa darasa, kwa kuwa humfundisha mtoto mambo mawili: kwamba elimu ya viumbe haijakamilika, na kwamba ujuzi wa babu na bibi wa kijijini ni ujuzi pia.

Lakini somo kuu la Udzungwa ni maji. Mvua hupokewa na majani, hupenya katika udongo uliojaa mizizi, kisha hutoka polepole katika vijito vinavyoshuka kwenda kwenye vijiji, mashamba ya mpunga na mashamba ya miwa ya bonde la Kilombero. Mwanafunzi huyaona yote hayo kwa siku moja: msitu juu yake, kijito miguuni pake, na shamba mbele yake.

Pamoja na hayo, mwalimu asifiche kwamba uhifadhi una gharama kwa watu. Kwa miaka kadhaa wakazi wa vijiji vya upande wa mashariki waliruhusiwa kuingia na kuokota kuni kavu kwa siku maalumu. Ruhusa hiyo iliondolewa mwaka 2011. Kwa mama aliyekuwa akipikia kuni hizo, mpaka wa hifadhi si mstari wa ramani tu, bali umefika jikoni kwake. Darasa linaloujadili msitu bila kumtaja mama huyu limejifunza nusu ya jambo.

4. Masharti na vipimo

Mwalimu akisha kuyajua mafunzo ya kila hifadhi, huingia katika kazi ya kupima. Hapa wanachuo wengi huorodhesha mambo yote, hutoa alama kwa kila moja, kisha hujumlisha. Njia hiyo ina hatari. Mambo ya kupimwa si ya namna moja. Mengine ni masharti, na mengine ni vipimo. Sharti lisipotimizwa, hifadhi huondolewa hata kama ina alama nyingi katika mengine yote.

Masharti ni haya manne:

(a) Usalama. Je, njia inapitika katika mwezi huo? Je, wapo walimu wa kutosha kusimamia watoto? Kama kuna kulala, je, mahali pa kulala wasichana na wavulana pamepatikana, na yupo mwalimu wa kike atakayekuwa pamoja na wasichana?

(b) Muda. Kutoka Morogoro mjini hadi Mikumi ni kiasi cha kilomita 100, na darasa likiondoka alfajiri huweza kurudi kabla ya magharibi. Hadi Mang'ula ni mbali zaidi kila upande, na matembezi ya Sanje peke yake huchukua kiasi cha saa nne. Kwa watoto wa Morogoro mjini, ziara ya Sanje bila kulala njiani ni adhabu.

(c) Kila mtoto kwenda. Tuseme yupo darasani mwanafunzi atembeaye kwa magongo. Mikumi ataona sawa na wenzake, kwa sababu wote wamo ndani ya basi. Njia ya Sanje itamwacha chini. Mwalimu asiseme, "Yeye atabaki nyumbani, tutamsimulia." Ziara imehesabiwa kuwa somo, na mwalimu hana mamlaka ya kumfukuza mtoto somoni kwa sababu ya miguu yake.

(d) Gharama. Tuseme basi hukodiwa kwa shilingi 900,000. Watoto 45 wakienda, kila mmoja atachangia shilingi 20,000 za basi. Wakiweza kulipa 30 tu, kila mmoja atachangia shilingi 30,000, na hapo huenda wengine watano wakashindwa, na mchango ukapanda tena. Hesabu hii yafaa ifanywe mapema mbele ya kamati ya wazazi, kwa kutumia bei halisi za wakati huo, ili njia ya kuwasaidia wasio na uwezo ipatikane kabla majina hayajaandikwa. Mtoto asisomewe jina lake mbele ya darasa kwamba hajalipa.

Baada ya masharti ndipo vije vipimo, navyo ni vitatu. Kwanza, hifadhi ipi inajibu vizuri zaidi swali la somo? Pili, ipi itawapa wanafunzi kazi ya kufanya kwa mikono, macho na masikio yao, badala ya kusikiliza tu? Tatu, ipi itawaonyesha jambo ambalo mazingira ya kwao hayawezi kuwaonyesha? Kipimo cha tatu husahauliwa mno, na ndicho kitakachoelezwa sasa.

5. Shule tatu, maamuzi matatu

Chukua shule tatu za kufikirika, zote zikiwa na Darasa la Tano, na zote zikitaka kufundisha juu ya viumbe na mazingira yao.

Shule ya kwanza iko Morogoro mjini. Juu yake umesimama mlima Uluguru, nao ni wa safu ile ile ya Tao la Mashariki. Vijito vinavyopita mjini hutoka katika mlima huo. Watoto hawa wanaweza kujifunza uhusiano wa msitu na maji kwa kufuata kijito kwa miguu asubuhi moja, wakiwa na chupa za kuchotea maji na daftari, bila kukodi basi. Lakini uwanda wa nyasi wenye makundi ya wanyama hawana. Shule hii na iende Mikumi.

Shule ya pili iko katika mji mdogo wa Mikumi. Watoto wake wamekwisha kuwaona tembo na twiga kando ya barabara kuu tangu utotoni. Kuwapeleka kuwatazama tena kwa kulipa kiingilio si kosa, iwapo lipo swali jipya. Lakini msitu mnene wenye mbega na maporomoko ya maji wengi wao hawajaingia. Mang'ula si mbali nao, na ipo njia fupi ya kiasi cha kilomita moja iendayo kwenye maporomoko ya Prince Bernhard, inayowafaa wasioweza matembezi marefu. Hata hivyo njia hiyo nayo ni ya kutembea. Mwalimu aikague kwanza kwa ajili ya mwanafunzi wa magongo. Ikimshinda, sharti la (c) halikutimizwa, na kazi ya siku hiyo ipangwe kando ya vijito vya bondeni ambako basi linafika. Shule hii na iende Udzungwa.

Shule ya tatu iko Mang'ula yenyewe. Msitu uko juu ya mapaa ya nyumba zao, na maji wanayoyachota hutoka humo. Wao wajifunze msitu kwa miguu, kwa kibali cha hifadhi pale wanapotaka kuingia ndani; na fedha ya basi, ikipatikana, iwapeleke Mikumi.

Utaona kwamba hakuna hifadhi iliyoshinda. Hifadhi ile ile iliyo bora kwa shule moja ni ya pili kwa shule nyingine. Kanuni inayotokana na mifano hii ni fupi: kilicho karibu kifundishwe kwa miguu, na nauli ilipie kile kisichopatikana karibu.

6. Uteuzi kama somo darasani

Uteuzi wa hifadhi usifanywe na mwalimu peke yake. Ni somo zuri la vipindi vitatu, nalo linawahusu hata wanafunzi ambao shule yao haitapata basi mwaka huo. Mwalimu ayapime masharti kwanza. Ikiwa sharti limekwisha kuiondoa hifadhi mojawapo, awaambie wanafunzi wazi tangu mwanzo, asiwafanye wapige kura ya mchezo.

Kipindi cha kwanza ni cha maswali. Kila mwanafunzi aandike jambo moja analotaka kulijua. Mazungumzo huweza kwenda hivi:

Mwalimu: Wewe umeandika nini?
Mwanafunzi: Nataka kumwona simba, Mwalimu.
Mwalimu: Vema. Ukisha kumwona, utataka kujua nini juu yake?
Mwanafunzi: Anakula wangapi kwa mwezi, na kwa nini swala hawaishi.
Mwalimu: Hilo sasa ni swali. Liandike hivyo hivyo.

Angalia kwamba mwalimu hakuikataa shauku ya mtoto. Aliichukua na kuipeleka mbele hatua moja. Huenda pia likatokea neno gumu zaidi:

Mwanafunzi: Mwalimu, babu analima karibu na mpaka wa hifadhi. Tembo waliingia usiku wakala mahindi yote. Kwa nini sisi tutoe fedha kwenda kuwatazama?

Mwanachuo asiye na uzoefu hushawishika kumnyamazisha mtoto huyu, au kumpa hotuba juu ya faida za utalii. Asifanye hivyo. Mtoto huyu ameleta darasani ushahidi ambao wenzake hawana. Mwalimu amshukuru, aliandike swali lake ubaoni pamoja na mengine, na alipe darasa kazi: watu wanaoishi jirani na tembo hutumia njia gani kulinda mashamba, na tembo wangekwenda wapi kama wasingekuwa na hifadhi? Swali hilo linaweza kupelekwa kwa mhifadhi siku ya ziara. Ziara isiyoweza kubeba swali la mjukuu wa mkulima haijaandaliwa.

Kipindi cha pili ni cha kukusanya habari. Darasa ligawanywe katika makundi mawili, moja likichukua Mikumi na jingine Udzungwa. Kila kundi lipewe ramani, tarehe, vipimo vya eneo na habari kama zilizotolewa katika sehemu ya 2 na ya 3 ya makala haya. Wanafunzi wapime umbali kwa uzi katika ramani, wapige hesabu za muda na gharama, na watenganishe maswali yaliyoandikwa: yapi yatajibiwa Mikumi, yapi Udzungwa, na yapi yanaweza kujibiwa karibu na shule.

Kipindi cha tatu ni cha uamuzi. Kila kundi litoe hoja zake, kisha makundi yabadilishane: waliotetea Mikumi wataje faida tatu za Udzungwa, na wenzao vivyo hivyo. Zoezi hili huwazuia watoto wasishike upande kama washangiliaji wa mpira. Mwishowe darasa liamue, na liandike sentensi mbili: moja ya kueleza sababu ya uamuzi, na ya pili ya kueleza kile tutakachokikosa kwa kuchagua hivyo. Sentensi ya pili ndiyo ngumu, nayo ndiyo yenye mafunzo zaidi. Mtu ambaye hajui alichokiacha hajachagua, amefuata tu.

7. Maandalizi na siku ya ziara

Mwalimu aandike barua kwa mhifadhi wa hifadhi husika mapema, akieleza idadi na umri wa wanafunzi, lengo la somo na tarehe, na aulize kiingilio cha wanafunzi pamoja na masharti ya kuingia. Ikiwezekana atangulie kwenda yeye mwenyewe. Ruhusa ya maandishi ya wazazi ni ya lazima. Maji ya kunywa, chakula, sanduku la huduma ya kwanza na nguo za mikono mirefu visisahauliwe. Mikumi kuna mbung'o, na Udzungwa kuna njia zenye utelezi zinazohitaji viatu imara.

Wanafunzi wagawanywe katika vikundi vya watoto wanane au tisa, kila kikundi kikiwa na mtu mzima mmoja na kazi moja. Kwa Mikumi, kikundi kimoja kihesabu wanyama kwa aina, kingine kiandike kila mnyama anakula nini na kwa urefu gani kutoka ardhini, kingine kitafute dalili, kingine kihesabu magari barabarani kwa dakika kumi. Kwa Udzungwa, kikundi kimoja kichore mabadiliko ya miti kadiri wanavyopanda, kingine kisikilize na kuandika sauti, kingine kilinganishe maji ya kijito ndani ya msitu na maji ya kijito hicho hicho kinapofika mashambani. Katika hifadhi zote mbili amri ya mwongozaji ifuatwe bila mjadala: hakuna kushuka garini pasiporuhusiwa, hakuna kupiga kelele, hakuna kulisha wanyama, hakuna kuchuma wala kuokota kitu cha kwenda nacho nyumbani.

Kurudi si mwisho. Kipindi cha siku inayofuata kirejee maswali yaliyoandikwa katika kipindi cha kwanza. Yaliyojibiwa yatiwe alama, na yasiyojibiwa yabaki ubaoni. Wanafunzi waandike ripoti fupi na kuisoma mbele ya wazazi waliochangia. Mzazi aliyetoa shilingi zake ana haki ya kusikia zilinunua nini.

Hitimisho

Hifadhi za taifa hazishindani. Mikumi humfundisha mtoto kutazama mbali, Udzungwa humfundisha kutazama karibu. Kazi ya mwalimu ni kulijua darasa lake vizuri: linaishi wapi, limekwisha kuona nini, linauliza nini, na nani kati yao huenda akaachwa nyuma. Mwalimu ajuaye hayo hatahangaika sana kuchagua. Asiyeyajua atachagua kwa sifa za mahali, na watoto watarudi na picha nyingi na majibu machache.

Mazoezi kwa mwanachuo

1. Andika malengo mawili ya somo, moja likielekea Mikumi na jingine likielekea Udzungwa. Onyesha utakavyopima kila moja.
2. Chagua shule unayofanyia mazoezi ya kufundisha. Orodhesha mambo matatu ya mazingira yanayoweza kufundishwa kwa miguu, na moja linalostahili kulipiwa nauli.
3. Mwanafunzi anasema, "Hifadhi ni za wageni, si zetu." Andika maswali matatu utakayomwuliza, bila kumpa hotuba.
4. Tengeneza kazi ya vikundi kwa mwanafunzi asiyeona vizuri, kwa kila mojawapo ya hifadhi hizi mbili.
5. Taja hifadhi nyingine mbili zinazopakana au kukaribiana katika sehemu utokayo, na uzipime kwa masharti manne na vipimo vitatu vilivyoelezwa. Malizia kwa sentensi inayotaja utakachokikosa.